Kibera 2003: mtafiti aliyehesabu shule 76, halafu akaanzisha za kwake

Kuna mdogo wangu mmoja anasoma masta ya sera za elimu, juzi akaniuliza, "bro, nataka kufanya utafiti wa ubia, yaani serikali na watu binafsi kwenye shule za mjini, na nataka hiyo ndio iwe kazi yangu ya maisha, sasa nianzie wapi?" Nikamwambia aache kwanza nadharia, achukue kesi moja aivue nguo yote. Nikampa ya Kibera, ule mtaa wa mabanda wa Nairobi, mwaka 2003. Nimeona niiandike hapa kabisa manake nilimweleza nusu nusu kwa simu na bando likaisha.

Turudi nyuma. Januari 2003 serikali mpya ya Kenya, ya muungano wa NARC, haijamaliza hata wiki mbili ofisini, Rais Kibaki amefuta karo ya shule za msingi, na mageti ya shule za serikali yamejaa wazazi wameshika watoto mikono. Hesabu za wizara zikasema wanafunzi wa msingi wameruka kutoka kama milioni 5.9 mwaka 2002 hadi milioni 7.2. Hiyo milioni 1.3 ya juu ndio ikawa wimbo, wafadhili wakauimba, na Bill Clinton alipoulizwa kwenye televisheni 2004 ni mtu gani aliye hai angependa sana kukutana naye, akasema rais wa Kenya, kwa sababu ya hiyo karo.

Sasa, Oktoba hiyo hiyo ya 2003, wakati wimbo bado umepamba moto, kuna watu wenye fomu wanapita vichochoro vya Kibera wakihesabu kitu ambacho wizara haikuwa inakihesabu. Shule za mabati. Zile ambazo ukipita unaweza kudhani ni kanisa ama ni nyumba ya mtu, mpaka usikie watoto wakiimba tebo ya saba kwa pamoja.

Aliyewatuma ni James Tooley, wakati huo profesa wa sera za elimu Chuo Kikuu cha Newcastle kule Uingereza, yeye na wenzake Pauline Dixon na James Stanfield. Hapa Nairobi walishirikiana na IREN, shirika la James Shikwati, na pesa zilitoka John Templeton Foundation ya Marekani. Weka hayo majina kichwani, tutayarudia.

Huyu Tooley si mtu wa juzi. Miaka ya themanini alikuwa mwalimu wa hesabu Zimbabwe, na mwenyewe anasema enzi hizo aliamini elimu ni kazi ya serikali, mwisho wa maneno. Kilichomgeuza ni Hyderabad, India, mwaka 2000. Alikuwa ametumwa na IFC, ule mkono wa Benki ya Dunia unaoshughulika na kampuni binafsi, aangalie shule binafsi za wenye nacho. Siku ya mapumziko ya kitaifa akaingia mitaa ya zamani karibu na Charminar akakuta shule binafsi kibao za watu maskini, kila kichochoro moja. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Hapo ndipo akapata swali la kula nalo maisha yake yote: kama maskini wanajilipia shule wenyewe mlangoni kwao, mbona wataalamu wote wanaongea kama hizo shule hazipo?

Swali zuri sana hilo. Nisimnyime mtu haki yake, ni watafiti wachache wanaojikwaa kwenye swali kama hilo na wakaliona.

Basi Kibera wakahesabu wakapata shule 76 za binafsi, zenye wanafunzi 12,132. Halafu wakaenda kwenye shule 5 za serikali zilizo pembezoni mwa Kibera, aina ya Olympic na Ayany, wakakuta baada ya karo kufutwa zimeongeza wanafunzi 3,296, kama asilimia 57. Mpaka hapo wimbo wa wizara uko sawa. Ila wakawauliza pia wenye shule za mabati, kabla ya Januari mlikuwa na watoto wangapi? Na zile shule zilizofungwa kabisa, wakaorodhesha 25, zilikuwa na wangapi? Wakijumlisha wanaona waliotoka kwenye mabati ni wengi kuliko walioingia serikalini. Yaani kwa hesabu yao, elimu bure Kibera haikuongeza watoto shuleni, iliwahamisha, na maelfu wengine hawakuonekana walikoenda.

Ukisoma hiyo kwa mara ya kwanza unakaa chini. Manake kitaifa ni sherehe, kumbe mtaani ni kuhama tu kutoka kibanda kwenda darasa la watoto themanini.

Wakaongeza jambo la pili, wakawapa watoto mitihani ya Kiingereza, hesabu na Kiswahili. Watoto wa mabati wakawazidi wa serikali kwenye hesabu na Kiswahili, wa serikali wakawa mbele kwenye Kiingereza. Kumbuka shule za serikali za pembezoni zilikuwa zinachukua pia watoto wa familia zenye afadhali, na hapo Kiingereza cha nyumbani kinafanya kazi yake. Kuna pia mzazi waliyemnukuu ambaye maneno yake yamezunguka dunia nzima, ukienda sokoni ukapewa matunda na mboga za bure ujue zimeoza, ukitaka freshi unalipa. Kwa mtu aliyekulia Nairobi hiyo haihitaji maelezo.

Na haya matokeo yana nyama. Nani alikuwa anajua idadi ya hizo shule? Nyingi zilikuwa zimeandikishwa kama vikundi vya kujisaidia upande wa huduma za jamii, wizara ya elimu haina faili lao, kapitesheni, yaani hela ya serikali kwa kila kichwa cha mtoto, wakati huo shilingi 1,020 kwa mwaka, ilikuwa inaenda shule za serikali, mtoto wa mabati hapati hata chaki. Na dharau hiyo ilikuja kuuma baadaye. Mwaka 2011 wizara ilipopanga nafasi za shule za sekondari za kitaifa kwa mgao wa watoto wa shule za umma na wa shule binafsi, mtoto wa shule ya mabati ya Gatwekera, humo humo Kibera, akawekwa kapu moja na mtoto wa akademi ya Lavington anayeletwa na gari la shule. Wote "binafsi". Kwa hivyo kazi ya kuhesabu ilikuwa kazi ya maana, na kwa sehemu hiyo mi niko upande wa Tooley bila kupepesa macho.

Shida yangu inaanza kwenye lile swali moja, "kabla ya Januari mlikuwa na wangapi?"

Nikwambie kisa. Nilipokuwa kijana nimewahi kubeba fomu za utafiti mtaani, sitataja wa nani wala mtaa gani. Tukaingia shule moja, chumba kirefu cha mabati kimegawanywa kwa turubai, darasa la pili huku darasa la nne kule, mwalimu wa huku akisema "andika" watoto wa kule wanaandika pia. Mwenye shule, mama mmoja mkarimu sana, akatukalisha kwenye benchi, akatutumia mtoto soda. Nikamuuliza ana wanafunzi wangapi. Akanitazama kidogo akasema, "mwanangu, unataka ya wafadhili ama ya ukweli?" Akafungua droo akatoa madaftari mawili. Moja limefunikwa kwa gazeti vizuri, majina yamenyooka. Lingine ndilo la karo, limelegea kona zote, fulani kalipa mia, fulani hamsini, fulani mama yake anauza mboga atalipa Jumamosi, na majina mengine yamepigwa mstari bila sababu. Yale madaftari hayakukaribiana hata kidogo. Yule mama hakuwa mwizi. Daftari la kwanza lilikuwa linaomba unga wa uji, na uji ndio ulikuwa unawaleta watoto.

Sasa fikiria mwaka 2003, mwenye shule ambaye elimu bure imemuua biashara, anatembelewa na watu wanaomuuliza zamani alikuwa na watoto wangapi. Kichwani mwake anajua akisema wengi ndio hasara yake inaonekana. Sisemi walidanganya, nasema hiyo namba imetoka mdomoni mwa mtu aliyeumia, miezi kumi baadaye, na zile 25 zilizofungwa ndio kabisa, unamuuliza nani kama kufuli ishawekwa? Upande wa serikali namba zinatoka kwa mwalimu mkuu ambaye naye kapitesheni inafuata vichwa. Pande zote mbili zina sababu ya kuvuta namba juu, halafu unatoa moja kwa nyingine na unachopata ndio kichwa cha habari.

Namba za Kibera ni mtihani hata kwa wenye ofisi. Miaka na miaka watu walisema Kibera ina watu milioni, sensa ya 2009 ikaja na kama 170,000. Kelele zilizofuata unazikumbuka.

Utafiti wenyewe ulichapishwa kwenye jarida la kitaaluma mwaka 2008, lakini ulishaanza kutembea kabla ya hapo. Na hapa ndipo kesi inapokuwa ya kazi ya mtu, si ya Kibera peke yake. Mwaka 2006 insha ya Tooley kuhusu hizi shule ikashinda dhahabu kwenye shindano la IFC na gazeti la Financial Times. Ona mzunguko ulivyo mfupi, IFC ilimtuma Hyderabad 2000, IFC inampa zawadi 2006. Mwaka 2007 akawa mkuu wa mfuko wa elimu wa dola milioni 100 wa Orient Global, kampuni ya uwekezaji ya Singapore. Mwaka 2009 akashirikiana na Mghana Ken Donkoh kuanzisha Omega Schools kule Ghana, mnyororo wa shule za bei ya chini ambapo mzazi analipa kila siku mtoto anapokuja, chakula cha mchana kikiwa ndani ya bei. Mwaka 2012 Pearson, ile kampuni kubwa ya vitabu, ikaweka hela zake humo. Mwaka huo huo wa 2009 ndio Bridge, mnyororo mwingine wa shule za bei ya chini, nao walifungua shule yao ya kwanza hapa Nairobi, Mukuru, kwa hivyo soko lishafunguka na wenye mitaji washasikia harufu.

Watu wakifika hapa wanapasuka kambi mbili. Kambi moja inasema huyu si mtafiti ni mfanyabiashara, kila alichoandika kitupwe. Nyingine inasema angalau huyu ameweka pesa alipoweka mdomo, nyie wengine mnaandika ripoti za umaskini mkilala Westlands. Mi naona zote zinakwepa. Hakuna ubaya mtu kuamini kitu mpaka akakifanya. Ila angalia mpangilio wa miaka. Alianza na swali, swali likazaa hesabu, hesabu ikazaa hoja kwamba maskini wanaweza bila serikali, hoja ikazaa kampuni, na ukishakuwa na kampuni lile swali la mwanzo haliwezi tena kujibiwa vingine. Ukijibu vingine unafunga duka. Hata wenzake wa mwanzo kabisa, IREN na Templeton, walikuwa watu wanaojulikana kupenda soko huria kabla hata fomu ya kwanza haijachapwa. Hiyo haifanyi namba 76 kuwa uongo, shule ni kitu unachoweza kukiona na kukihesabu kwa kidole. Inafanya tu kile alichokihesabu kiwe tofauti na kile alichokihitimisha, na msomaji anavipokea kwenye bahasha moja.

Hitimisho lenyewe lilikuwa hivi: soko la mabati linajiendesha, mzazi akiona shule mbovu anahama, kwa hiyo serikali ikae pembeni. Sawa, mzazi anaona mwalimu hayupo, anaona daftari halijasahihishwa, haki kabisa. Lakini mzazi haoni nondo ndani ya zege. Septemba 23, 2019 darasa la ghorofa la shule moja ya Ng'ando, Dagoretti, liliporomoka asubuhi na watoto wasiopungua saba wakafa, na wazazi wao walikuwa wamechagua ile shule kama Tooley anavyosema wanachagua. Upande wa pili nao usijichekee, hela za elimu bure ziliibwa wizarani mpaka Uingereza ikasimamisha msaada wake kwa wizara. Kwa hivyo mtoto wa Kibera yuko kati ya mabati yasiyokaguliwa na hazina inayovuja, na watafiti wanagombana nani mzuri.

Sasa mwisho wa mnyororo huu ndio unanifurahisha, hauko Kenya, uko Liberia. Mwaka 2016 waziri wa elimu George Werner, chini ya Rais Ellen Johnson Sirleaf, akaamua kukabidhi shule za msingi za serikali kwa waendeshaji wa nje. Mwanzoni ilisemekana zote ziende kwa Bridge, watu duniani wakapiga kelele, ikashuka ikawa majaribio ya shule 93 kwa waendeshaji wanane. Shule zinabaki za serikali, walimu wanalipwa na serikali, watoto hawalipi, halafu mwendeshaji anaongezewa dola 50 kwa kila mtoto kwa mwaka. Na kati ya hao wanane, Omega ilikuwemo.

Yaani kampuni iliyozaliwa na hoja kwamba maskini anajilipia mwenyewe bila serikali, ikaishia kuendesha shule za bure za serikali kwa ruzuku. Mi sicheki kwa ubaya. Nadhani ndio ukweli wa hii biashara, karo ya hamsini hamsini haijazi mfuko wa mwekezaji, mwisho wote wanarudi kubisha hodi hazina. Neno "ubia" limekaa hapo.

Ila Liberia kuna watafiti wengine walioingia, Mauricio Romero, Justin Sandefur na Wayne Sandholtz, na wao kazi yao ilikuwa kupima. Kabla shule hazijagawiwa, ikatengenezwa orodha ya shule zilizofanana, waendeshaji wakakubali orodha, halafu kura ndio ikaamua ipi inakabidhiwa na ipi inabaki kama ilivyo. Shule 185 kwa jumla. Hapo tayari umeshinda Kibera, manake mwendeshaji hawezi kuchagua shule nono halafu aseme ni uhodari wake.

Lakini kilichonifanya niwavulie kofia ni kitu kidogo zaidi. Walijua mwendeshaji akipewa shule iliyofurika anaweza kuweka kikomo cha darasa, waliozidi wakaambiwa waende kwingine, halafu mwisho wa mwaka ukipima waliobaki unakuta wanang'aa. Basi wao watoto wa kupima hawakuwatoa kwenye darasa walilolikuta. Walichukua madaftari ya uandikishaji ya mwaka wa nyuma, 2015/16, kabla mwendeshaji yeyote hajakanyaga pale, wakachagua majina humo, halafu wakawasaka hao watoto popote walipo. Umehama, tunakufuata. Umefukuzwa, tunakufuata, na matokeo yako yanahesabiwa kwa shule iliyokutoa.

Na kweli mambo yalikuwepo. Kwenye shule zilizokuwa zimejaa na mwendeshaji akaweka kikomo, watoto walipunguzwa. Bridge iliondoa takribani robo tatu ya walimu iliowakuta, na mwalimu wa serikali akiondolewa hafi, anapelekwa shule nyingine ya serikali. Pamoja na hayo, matokeo ya mwaka wa kwanza yalipanda kweli, kama 0.18 ya standard deviation, kile kipimo cha wanatakwimu cha jinsi alama zinavyotawanyika, ambayo si haba, ila gharama halisi kwa waendeshaji wengine ilikuwa juu mno kuliko zile dola 50. Ripoti moja imebeba vyote viwili, imepanda na watoto wametolewa. Waliotaka kushangilia wakakuta mfupa, waliotaka kulaani wakakuta mfupa. Mi hiyo ndio naiita ripoti.

Ukiwalinganisha Tooley na hawa watatu unaweza kusema wale walikuwa na hela zaidi na serikali iliwafungulia mlango, ni kweli, na Kibera 2003 hakuna aliyekuwa na orodha ya kupigia kura. Lakini daftari la mwaka wa nyuma halihitaji hela za Templeton. Lilikuwemo kwenye droo za Kibera pia, angalau kwa shule 76 zilizokuwa bado wazi, na lile legelege la karo, lenye mia na hamsini, lingekwambia Desemba 2002 nani alikuwa analipa na Februari 2003 nani jina lake limepigwa mstari. Ungemfuata yule mtoto mpaka Olympic ama mpaka nyumbani ukamkuta analea mdogo wake. Ungejua kama alihama ama alipotea.

Jana usiku mdogo wangu kanitumia dodoso lake la kwanza, kurasa nane, kalipanga vizuri na logo ya chuo juu. Swali la 4: "Mwaka jana shule ilikuwa na wanafunzi wangapi?" Nimemfutia. Nimemwandikia pale pale, "Naomba kuona daftari la karo la mwaka jana." Kanijibu, "na wakikataa?" Nimemwambia aandike kwamba wamekataa, na anywe soda yao.